Mchuchumio wa kuchuchumaa

Kocha alinirekodi kwa nyuma, mtaimbo ukiwa mabegani, kilo 50, halafu akaniita pembeni kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. "Mama Keshia, mgongo achana nao kwanza. Angalia visigino."

Nikaangalia. Kila nilipochuchumaa, visigino vya raba zangu za waridi vilibonyea upande wa ndani. Vikavuta vifundo vya miguu, vifundo vikavuta magoti, magoti yakasogeleana kama majirani wanaotaka kuteta. Nikisimama yanaachana. Nikishuka yanakutana tena, yanaendelea na umbea wao.

"Hapo umevaa godoro," akasema Kocha.

Niliudhika, sifichi. Zile raba nilizitoa soko la Karume kwa elfu 55, baada ya kubishana karibu nusu saa na kijana aliyeanza kwa kuniita "mama" na kumalizia kwa "dada". Muuzaji wa mtumba akishakuita dada ujue bei imeshakaa anapotaka yeye. Na nilizipenda. Zilikuwa na kiputo cha hewa kinachoonekana kisiginoni, soli nene kama mkate wa kumimina, na nilipozivaa nilihisi natembea juu ya maandazi. Nikasema moyoni, hiki ndicho kiatu kinachojali mguu.

Kwa mgeni hapa: mimi ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Sinza, nina miaka 38, watoto wawili. Nasimama kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Nilianza kubeba vyuma miaka miwili iliyopita, pale mgongo uliponisumbua muda mrefu baada ya kumzaa wa pili, na mtaalamu wa viungo akaniambia kulala sana hakutanisaidia, nikaitafutie miguu na mgongo nguvu. Jimu yetu iko uani kwa mtu, Mabibo. Paa la bati, sakafu ya saruji, sahani za chuma chache na nyingine za zege lililomiminwa kwenye makopo ya rangi. Wanawake tuko wanne. Jina langu la pale ni hilo la Kocha.

Sasa kuhusu godoro. Kwa kukimbia, raba zile hazikuwa na kosa lolote. Mkimbiaji akitua, kila hatua ardhi inamrudishia pigo la mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na lile povu la soli liko pale kulimeza pigo. Kwenye skwati, yaani kule kuchuchumaa na chuma mabegani, pigo halipo. Huruki, hutui. Kuna mzigo unaokukalia polepole na hauna haraka ya kuondoka. Povu halijui habari hiyo, linabonyea tu, na linabonyea zaidi pale unapoliegemea zaidi. Ukiegemea ndani kidogo linakupeleka ndani sana. Na nguvu unayosukumia chini, nyingine inaishia kukamua sponji wakati chuma kinakusubiri juu.

Kocha ni mtu anayefundisha kwa vitu vya jikoni. Alivua kandambili, akaniinulia unyayo wake (sikuuomba) akawa anaonyesha kwa kidole. "Hapa kisigino. Hapa kwenye shina la kidole gumba. Hapa kwenye shina la kidole cha mwisho. Mafiga matatu. Figa moja likiwa la tope, chungu chako kitakaa?" Bibi yangu alikuwa na msemo wake, jifya moja haliinjiki chungu, na sikutegemea kuja kuukumbuka chini ya mtaimbo. Tangu siku ile kabla sijashuka nayatafuta mafiga yangu moja moja kwa unyayo, nayakanyaga yote, ndipo nashuka. Kwenye raba ya waridi niliyatafuta nikakosa hata moja. Mguu wote ulikuwa unaelea.

Hata hivyo sikuziacha. Elfu 55 ni elfu 55. Zenyewe ndizo zilizoniacha.

Ilikuwa masika, jioni ya mvua, niko katikati ya seti nikasikia kitu kinasagika chini yangu. Kuangalia, soli ya kushoto imepasuka ubavuni na inamwaga vipande kama kashata ya juzi. Wiki haikwisha ya kulia nayo ikafuata. Nilijua nimeuziwa feki, nikajiandaa kwenda Karume na maneno yangu. Kumbe zilikuwa halisi kabisa, na uhalisi wenyewe ndio uliozimaliza. Kuna soli za ndani zinazotengenezwa kwa poliyurethani, na hiyo plastiki huoza kwa unyevu wa hewa. Maji yaliyomo hewani huikatakata taratibu, mwaka baada ya mwaka, hata kama kiatu kiko kwenye boksi lake hakijaguswa. Kwa nje kinang'aa. Siku unayokitia mguu na kukipa kazi, kinasambaratika. Sasa chukua kiatu kilichokaa stoo huko Ulaya miaka mingi, kikafungwa kwenye robota, kikavuka bahari, kikaja kutandazwa Dar es Salaam ambako hata chumvi ya mezani inalowana yenyewe. Povu la aina nyingine, lile la EVA, halina ugonjwa huo. Lenyewe huchoka tu na kulala, kama godoro la bweni.

Basi nikahamia kwenye raba za kitambaa, za mtindo wa Converse, zenye soli bapa ya mpira. Elfu 18, Kariakoo, mpya, na kwenye nembo ya pembeni herufi moja ilikuwa imekosewa. Kiatu chenyewe cha asili kilianza 1917 kwa ajili ya mpira wa kikapu. Wacheza kikapu walishakiaga zamani, wabeba vyuma wakakiokota, kwa sababu ileile iliyowafanya wenzao wakikimbie: soli ni bapa, nyembamba na haina huruma.

Siku ile ya kununua nilisimama Kariakoo nikiwatazama makuli wakishusha lumbesa za viazi kutoka kwenye fuso. Gunia moja lingeniua. Miguuni walivaa katambuga za matairi, na mmoja alikuwa na malapa yaliyolika mpaka yamebaki kama karatasi. Sikuona soli laini hata moja kwenye foleni nzima ile. Sisemi uende jimu na katambuga, maana sahani ikidondokea kidole haiulizi kama una watoto. Lakini nilipoangalia tairi lile lilivyokaa chini, gumu, halicheki, nilielewa alichokuwa anakisema Kocha kuliko alivyokisema yeye.

Wiki ya kwanza unyayo uliniuma. Ya pili nikazoea. Magoti yakaacha umbea, Kocha akanirekodi tena kwa nyuma na safari hii hakuniita pembeni.

Kilichobaki kilikuwa kina cha kuchuchumaa. Nilikuwa nashuka mpaka mapaja yanakaribia kulala sawa na sakafu, hapo hapo kiwiliwili kinaniinama mbele kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Nilidhani ni uoga. Kocha akanipeleka ukutani, akalaza rula sakafuni. Unasimamisha mguu mmoja mbele ya ukuta, kidole gumba kikielekea ukutani, unapeleka goti mbele mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Ukigusa, unasogeza mguu nyuma, unajaribu tena, mpaka goti lishindwe. Anayefika sentimita 10 hivi kutoka ukutani kifundo chake hakina neno. Kushoto nilifika 9. Kulia, 5 na nusu.

Kulia ni mguu nilioutegua kwenye netiboli nikiwa kidato cha tatu. Niliukanda kwa maji ya chumvi ya moto, nikachechemea wiki mbili, nikasahau. Kumbe wenyewe ulikuwa umeandika.

Goti likikataa kwenda mbele, mwili lazima utafute njia nyingine ya kwenda chini. Ama kisigino kinanyanyuka, ama kiwiliwili kinalala mbele na mgongo unabebeshwa kazi iliyokuwa ya miguu. Kwangu ilikuwa hiyo ya pili, na huo mgongo ndio ulionileta jimu. Kocha akachukua sahani mbili ndogo, zile za kilo moja na robo, akazitanguliza chini ya visigino vyangu. "Shuka."

Nikashuka. Nikashuka mpaka nikacheka nikiwa hukohuko chini, kwa sababu sikuwahi kufika pale na chuma mabegani. Kifua juu, macho mbele, mgongo umenyooka kama mlango.

Ila kusimama juu ya visahani ni kutega balaa. Figa moja liko juu ya chuma, mawili yako sakafuni, katikati ya unyayo kuna hewa. Siku moja kisahani cha kulia kiliteleza nikiwa naweka miguu sawa, kabla sijashuka, nikasema mara ya pili naweza kuwa nimeshashuka. Nilitaka kisigino kilichoshikana na kiatu.

Hapo ndipo nilipoirudia video ya Tokyo. Julai 2021 nilikuwa kitandani nikinyonyesha, simu mkononi, nikamwona Hidilyn Diaz wa Ufilipino, mwanamke wa kundi la kilo 55, akinyanyua jumla ya kilo 224. Zile 127 za mwisho ndizo zilizoipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu dunia iumbwe. Korona ilikuwa imemkwamisha Malaysia, akawa anajinoa kwa mwanzi ulioning'inizwa madumu ya maji. Mtu wa madumu na mwanzi, jimu ya kwetu kabisa. Mara ya kwanza nilitazama uso wake na machozi yake. Safari hii nilisimamisha video nikatazama miguu, yake na ya wenzake. Visigino! Walikuwa wamesimama juu ya visigino na mimi sikuwahi kuona.

Viatu hivyo vya kunyanyulia vyuma ni jamii ya peke yake. Kisigino kimeinuliwa kama milimita 20 kuliko mbele, vingine pungufu kidogo au zaidi kidogo, na ni kigumu, hakibonyei hata ukipandisha gari. Mbele soli ni bapa na pana. Juu ya unyayo kuna mkanda mmoja au miwili ya kukaza ili mguu usitembee ndani. Siku hizi kisigino ni cha plastiki ngumu, ila vya wanyanyuaji wa zamani vilikuwa vya mbao, au vipande vya ngozi vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Nikatafuta bei. Vya majina makubwa vinapita dola 150, bado kusafirisha. Nilimwonyesha baba watoto. Akaniuliza kama vinakuja na mtu wa kunibebea hivyo vyuma.

Nikaenda kwa fundi viatu. Anakaa chini ya mkungu jirani na kituo cha Sinza Mori, mzee wa makamo yaliyopita, na redio yake ndogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kimekatika nini?"

"Hakijakatika kitu. Nataka uniinulie kisigino sentimita mbili. Lakini kiwe kigumu, kisibonyee hata kidogo."

Alinitazama miguuni, akanitazama usoni, akapunguza redio. "Raizoni zimerudi?"

Kumbe miaka ya 70 alikuwa kijana fundi, akiwatengenezea raizoni, vile viatu vya soli nene, watu waliovaa bugaluu kwenda dansini. Alinieleza, kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nao, kuhusu soli za inchi nne na mteja mmoja aliyeanguka ngazi za ukumbi mbele ya mchumba. Nilipopata nafasi nikamweleza ninachotaka kukifanyia. Akauliza mzigo ni kilo ngapi. Nikamwambia 60. Akauliza na wewe mwenyewe? Kwa heshima ya umri wake nikamtajia: 68.

"Mia na ishirini na nane." Alinyamaza kidogo. "Hapo mpira haufai. Mbao."

Sikuwa nimemtajia mbao.

Akaniagiza kiatu cha ngozi, chenye soli bapa inayoweza kubanduliwa, kisiwe kile ambacho juu na chini vimemiminwa pamoja. Kwa hiyo nikarudi Karume, safari hii na akili.

Kwanza nilikwenda jioni baada ya kazi. Mguu wa mtu aliyesimama kutwa si mguu wa asubuhi, unavimba, na jimu mimi naenda jioni. Pili nilikuwa nimechora nyayo zangu zote mbili juu ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana, nimesimama na uzito wote juu yake, binti yangu ndiye aliyeshika penseli. Kushoto sentimita 25.1, kulia 24.6. Nusu sentimita nzima, na miaka yote nilikuwa nalaumu soksi. Unanunua kwa kipimo cha mguu mkubwa. Namba usiziamini, 40 ya kampuni hii ni 39 ya ile. Kata kijiti urefu wa unyayo wako ukiingize ndani ya kiatu, hakitakudanganya. Na nilivaa soksi zangu za mazoezi, za kawaida, nyembamba.

Halafu mikono. Kijana wa raba alikaa ananitazama kama anayetazama mchawi. Nilibonyeza kisigino kwa kidole gumba, kwa ndani na kwa ubavuni, kila kilichozama nikakirudisha. Kilichopona nilikishika mbele na nyuma nikakikamua kama kanga inayotoka kwenye maji; kiatu kizuri kinagoma katikati. Nikakikunja: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanza, na kikikunjika katikati kama chapati hakifai. Nikabana ule ukuta wa nyuma unaoshika kisigino. Ukilala kwa vidole viwili, mguu wako utakuwa unaogelea mle. Nikakwaruza ubavu wa soli kwa ukucha kutafuta unga, kumbukumbu ya ile kashata.

Kuna jambo moja la mtumba ambalo dukani hulikuti. Kiatu kilichovaliwa kinamkumbuka mtu wake. Weka jozi juu ya meza, inama, itazame kwa nyuma usawa wa macho. Kama aliyekitangulia alikuwa anakanyagia ndani, kisigino kimelika kimelala ndani, na wewe utarithi matembezi ya Mjerumani usiyemjua. Nilizikataa jozi tatu nzuri sana kwa sababu hiyo. Nyingine moja ilikuwa 40 kushoto na 41 kulia, kijana akaapa kwamba ni jicho langu.

Nilichopata ni raba nyeupe za ngozi, za kuchezea tenisi, soli bapa iliyoshonwa pembeni. Nilizivaa, nikafunga kamba, nikachuchumaa palepale njiani mara tano, mkoba kifuani. Visigino havikuchomoka. Vidole vililala vimenyooka, vina nafasi ya kutanuka kushoto na kulia, na mbele imebaki kama nusu ya upana wa kidole, pungufu ya ile nafasi unayoiacha kwenye raba ya kukimbilia, kwa sababu humu mguu haupaswi kusafiri. Mama mmoja aliyepita na beseni la ndizi akanipa pole. Elfu 30.

Mzee alichukua siku tatu. Alibandua soli, akaomba kipande cha mninga kwa seremala wa jirani, akakichonga umbo la kabari: sentimita mbili nyuma, kikipungua taratibu mpaka kinaisha kabla ya shina la vidole. Gundi, misumari midogo kutokea ndani, soli ikarudishwa chini na kushonwa upya kwa uzi wa nailoni. Mkanda wa juu aliutoa kwenye begi la shule lililokufa. Elfu 25, na soda.

Nilivijaribu nyumbani kwanza. Ko, ko, ko, kwenye sakafu ya sebuleni. Binti yangu, ambaye yuko darasa la tano na hana adabu, akatoka chumbani: "Mama kanunua mchuchumio wa kuchuchumaa!" Baba watoto alicheka mpaka akatoka nje.

Jimu, siku ya kwanza, niliweka kilo 40 tu. Chini nilifika bila ubishi. Ila kila nikipanda nilihisi nasukumwa kulia, kidogo sana, kama unapokaa kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja umekanyaga mkeka. Kocha akasema ni kifundo. Mimi nikasema ni kiatu. Kesho yake nikiwa kazini nikachukua pima maji mpya kwenye rafu, nikaomba ruhusa kwa bosi, nikaweka viatu viwili sambamba juu ya kaunta, visigino nyuma, pima maji juu yake. Kiputo kikakimbilia kushoto. Kwa rula: kulia milimita 20, kushoto 23.

Mzee hakufurahi. "Miaka hamsini natengeneza viatu, sijapimiwa kwa pima maji." Nikamwambia shikamoo ya pili. Akachukua msasa.

Sasa ni miezi mitano. Mwezi uliopita nilishuka na kilo 70 mara tano, na mgongo ulikaa wima mpaka ya tano. Mapaja ya mbele ndiyo yaliyolia, hasa wiki tatu za mwanzo, kwa sababu kisigino kikipanda goti linakwenda mbele zaidi na kazi inahamia kwenye paja na goti. Mwenye magoti yenye historia aliangalie hilo kabla ya kumtafuta fundi wake. Na hata mwenye magoti mazima apunguze uzito kwanza. Mimi nilirudi kilo 40 na sikuaibika.

Siku za dedilifti navivua. Ukiwa unanyanyua chuma kutoka sakafuni, zile sentimita mbili zinakuongezea safari ya kukivuta na zinakuinamisha mbele, wakati unataka kukaa nyuma. Hapo narudi kwenye raba zangu za herufi iliyokosewa. Wapo wanaobaki na soksi tupu, kwenye saruji yetu sina neno, lakini kwa wenzetu wa jimu zenye taili na jasho sakafuni naomba msijaribu. Kutembelea navyo hapana, kukimbia navyo ndiyo kabisa, mbao haipindi.

Kocha mwenyewe yuko bapa, na ataendelea kuwa bapa. Alijipima ukutani akafika sentimita 13, anachuchumaa na raba za kitambaa mpaka makalio yanakaribia kugusa vifundo. Mtu wa hivyo akiinuliwa kisigino ni kama kumpa miwani mwenye macho mazima. Mimi bado nasimama ukutani kila asubuhi maji ya chai yakichemka, goti mbele, kisigino chini, mara 15 kila mguu. Kulia sasa ni sentimita 7. Mbao ya mninga imekizunguka tu kile kifundo, haijakiponya, na yule mtaalamu wa viungo aliniambia kingekuwa kinauma badala ya kukaza ningepaswa kurudi kwake kabla ya kwenda kwa fundi.

Wiki iliyopita mshono wa mkanda wa kulia ulifumuka nikavipeleka Sinza Mori. Wenzangu wawili wa jimu walishakwenda kwake kabla yangu, sikujua. Kwenye mkungu ametundika kipande cha boksi, ameandika kwa kalamu nene: RAIZONI ZA VYUMA, 35,000.

"Mzee, mimi si ulinifanyia 25?"

"Mninga umepanda, mwanangu."

Akaingiza mkono kwenye sanduku lake la misumari kutafuta uzi. Cha kwanza kutoka kilikuwa pima maji, kipya, cha njano, bado kina karatasi ya bei ya duka letu.